Land Cruiser 300 GR Sport ya dizeli: nnayoyaona mimi dereva hapa Mombasa

Wacha niseme mapema ili asiye na wakati wa kusoma yote aende zake: hii Toyota Land Cruiser 300 ni gari ya haja, lakini kama maisha yako ni Nyali kwenda mjini na kurudi, basi nusu ya pesa ulotoa hutakaa uione. Hiyo nusu iko chini ya gari na ndani ya zile swichi karibu na gia, na haitoki mpaka utoke lami.

Mimi ni dereva wa utalii. Nimezowea zile Land Cruiser za sabini, yaani modeli ya 70, zilizokatwa paa, springi za majani nyuma, ukifika Voi na mgongo wako umefika kivyake. Bosi akaagiza hii ya GR Sport, toleo la 300 la njia mbaya, kutoka Japani ikashushwa hapa hapa Kilindini, akasema ni ya wageni wakubwa na ya familia yake, funguo nikapewa mimi. Kwa hivyo hii si rivyu ya mtu aliyeizunguka yadi akapiga selfi akaondoka. Nimeiosha, nimelala chini yake kwa kanga, na nimetukanwa na mama mkwe wa bosi nikiwa nayo, hilo nitalifikia.

Kwanza injini, maana kila mtu anauliza hapo. Askari wa geti anaiita V8, vijana wa kuosha magari wanaiita V8, nimechoka nao. Ile V8 ni 200, ilikuwa sokoni tangu 2007, na hii 300 ikatolewa Juni 2021 kuchukua mahali pake. Hii ni V6, lita 3.3, turbo 2. Sasa wazee wakisikia V6 wanakunja uso, wanaona wameibiwa silinda 2, lakini torki yake, ile nguvu ya kuvuta, ni 700 Nm na ile V8 ya dizeli ya lita 4.5 ilikuwa na 650, na hii ina gia 10 pahali pa 6, na imepunguzwa uzito kama kilo 200. Mtu akitaka kujua hizo hesabu zina maana gani barabarani aende nayo pale Mazeras asubuhi trela zimejipanga zapanda moja moja kama kobe. Ile ya sabini napanga ovateki kama napanga harusi, nahesabu, nashusha gia, naomba Mungu. Hii nakanyaga kidogo, haipigi kelele, haitingishiki, ushapita trela 2 na umerudi leni yako na abiria nyuma hajainua macho kwenye simu. Hapo sina la kusema.

Mafuta je? Watengenezaji wanasema karibu kilomita 9.7 kwa lita kwa vipimo vyao vya Japani. Kwa foleni ya Mombasa, AC iko juu mchana kutwa, sahau hiyo namba. Barabara ya Voi ukienda na adabu waisogelea kiasi. Kwa gari ya ukubwa huu si mbaya kabisa, ya petroli V6 ya lita 3.5 ndiyo yenye nguvu zaidi lakini hiyo wawachie wenye visima.

Sasa mambo ya njia mbaya, ndipo pesa ilipo.

Tulienda hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, kule Kwale, na wageni wangu 2 wazee, mume na mke. Wanaoijua Mwaluganje wanajua si mbuga ya tambarare kama Tsavo Mashariki, kule kuna miteremko ya mawe, mibuyu, na mvua ikinyesha maji yanachimba njia yanaacha mtaro katikati. Tukafika mteremko mmoja nikasimama. Upande wa kushoto mawe yamejitokeza, kulia mtaro, na mbele boneti imeziba, siioni njia. Na ile ya sabini hapo nashuka, naangalia kwa miguu, natia mawe kwenye mtaro, nashuka taratibu huku mguu wa breki watetemeka. Hapa nikaweka gia kwa N, nikaweka L4, zile gia nzito za mwendo wa pole, nikawasha kroli kontroli. Hii ni kama kruzi kontroli ya njia za mawe, ina spidi 5, zote ni za kutambaa, wewe unatoa miguu yote 2 kwenye pedali unabaki na usukani peke yake. Yenyewe yajishika breki tairi moja moja, yajipa mafuta, yenyewe.

Lakini hamna aliyeniambia kuhusu ile sauti. Wallahi nlidhani kitu kimekatika! Krrr, krrr, krrr chini ya miguu, kama mtu asaga mawe kwa kinu cha chuma. Mzee nyuma akashika kile kishikio cha juu ya mlango akaniuliza gari ina nini. Ni pampu ya breki hiyo yafanya kazi, ndivyo ilivyo, ukiizowea utaipenda lakini mara ya kwanza mwili unasisimka.

Kile kilichonimaliza ni kamera. Skrini ya inchi 12.3 ikanionyesha mbele, pembeni, halafu ukibonyeza tena yakuonyesha chini ya gari kana kwamba boneti na injini hazipo, unaona tairi zako zilipo na lile jiwe liko wapi. Ujanja wake ni huu: hakuna kamera chini kabisa, kamera ya mbele ishapiga picha ya pale kabla hujafika, halafu wakati uko juu yake ndio yakurudishia hiyo picha na kuchora tairi juu yake. Kwa hivyo ukisimama ukarudi rivasi usiiamini sana, na lenzi ikiwa na tope ndio hakuna kitu, beba kitambaa. Lakini pale mteremkoni niliona tairi la mbele kushoto limebaki kama upana wa kiganja kufika ukingoni mwa mtaro, nikapinda kidogo, likapita. Bila kushuka. Bila kumtuma turnboi ashuke anipigie mluzi.

Halafu kuna hii kitu inaitwa E-KDSS, ni ya GR Sport. Kwa lugha ya gereji: zile fito za stabilaiza zinazozuia gari isilale kwenye kona, hapa zafungwa na kufunguliwa kwa umeme, mbele kivyake nyuma kivyake. Barabarani zimekaza, gari haiyumbi ukikata kona za Mariakani, njia mbaya zalegea zenyewe na tairi linaning'inia mpaka liguse chini. Kwenye mtaro mwingine mbele niliposhuka kuangalia nlikuta tairi la nyuma limeshuka ndani ya mtaro kabisa na la mbele limeingia ndani ya bodi, na gari imekaa sawa, bibi kikombe chake cha chai ya thamosi yuko nacho mkononi hajamwaga. Na kama hilo halitoshi, GR Sport ina difuloki, zile za kufunga tairi 2 zizunguke pamoja, mbele na nyuma, zote za swichi. Sijahitaji ya mbele bado, na nyinyi wengi hamtaihitaji, ukiona umefika pa kufunga ya mbele jiulize kwanza umefuata nini huko.

Mchanga nao. Kuna laga moja, mto wa msimu uliokauka, upande wa Samburu, Samburu yetu ya Kwale si ile ya kaskazini, mchanga wake ni unga. Hii gari ina kile kidude cha kuchagua njia, otomatiki, vumbi, mchanga, matope, theluji, mawe. Theluji tuwachieni Wajapani. Zamani mambo haya yalikuwa ya L4 tu, hii 300 yafanya hata ukiwa kwenye gia za kawaida, na kwa mchanga hiyo ndiyo raha maana mchanga wataka mwendo, hautaki kutambaa. Nikatoa pumzi kwenye tairi kama kawaida, nikaweka mchanga, nikapita laga moja kwa moja. Msije mkadhani ni kompyuta peke yake iliyopita, pumzi ya tairi ndiyo iliyofanya nusu ya kazi, na mwenye Prado kuukuu anayejua kutoa pumzi atampita mwenye 300 asiyejua.

Pale ilipogoma kunifurahisha ni udongo mweusi, njia za ndani huko Kinango baada ya mvua. Tairi ilizokuja nazo ni za barabara zaidi, zikishajaa ule udongo zinakuwa kama zimevaa soksi, swichi zote za duniani hazisaidii tairi laini. Tulipita, ndio, lakini tulipita kiupande upande kama kaa. Ukinunua hii kwa kazi ya kweli tenga pesa ya tairi za meno siku ile ile. Na hapa nimsifu aliyechagua GR Sport, rimu zake ni inchi 18, tairi 265/65, mjini zapatikana. Ile ya toleo la ZX yaja na rimu za 20, zapendeza sana mbele ya hoteli, lakini jiwe moja la Mwaluganje na ukuta wa tairi umekwenda.

Maji: watengenezaji wanasema sentimita 70. Mvua ya masika mjini pale mabwawa yanapojiunda barabarani yapita bila wasiwasi. Lakini ni maji matamu hayo, msinitie gari baharini kwa ajili ya video.

Nikija mjini. Feri ya Likoni kwa mfano, mnajua bahari ikipwa ile rampu inavyosimama, nimeona saluni ngapi zikikwaruza bampa pale mpaka abiria wa miguu wanasema "pole". Hii GR Sport bampa lake limekatwa juu zaidi kwa makusudi, yapanda na kushuka haigusi kitu. Ila siku hizi nikienda Diani na wageni napita barabara ya Dongo Kundu, sina haja ya kupigwa jua kwenye foleni ya feri. Mji wa Kale ndipo inapokuwa adhabu. Upana wake unakaribia mita 2 kamili, urefu karibu mita 5, na Ndia Kuu haikujengewa hizi, ilijengewa watu na punda na mkokoteni. Kamera zasaidia, sensa zapiga kelele kila upande mpaka huelewi zasema nini, nikaishia kukunja saidi mira na kumwambia kijana wa duka asogeze kiti chake. Kama wakaa Mji wa Kale nunua Probox, mwenzangu.

Ndani nitapita haraka maana mshaona picha. Viti vya mbele vyapuliza hewa kutoka ndani ya kiti, na kwa mtu aendeshaye mwezi wa 2 kaskazi imekauka shati limeganda mgongoni, hicho kitu kimoja chaweza kukufanya usiirudishe gari. AC ya nyuma wana vidude vyao wenyewe, baridi yafika. Vishikio viko kila mahali, mabibi wanavipenda. Swichi za maana ni za kubonyeza kwa kidole, si za kutafuta ndani ya skrini, na hilo nalisifu sana, kwenye mawe huna muda wa kupapasa kioo.

Na kuwasha: kitufe cha stati chasoma alama ya kidole, funguo mfukoni peke yake haitoshi. Wamefanya hivi kwa sababu Land Cruiser ni katika magari yanayoibiwa sana huko Japani. Vizuri sana, mpaka usimame kula viazi karai njiani, vidole vimejaa mafuta na ukwaju, halafu wageni wako ndani wanangoja wewe wafuta kidole kwenye suruali mara ya ngapi.

Sasa mama mkwe. Hizi dizeli za mwanzo zilizouzwa Japani ni za viti 5! Za viti 7 ni za petroli. Bosi hakuambiwa, yeye aliona ukubwa wa gari akajua tu familia yote itaingia. Siku ya kwenda harusi Malindi wakatoka kina mama na mabuibui yao, masanduku, watoto, na sinia la halua, nafungua nyuma hakuna viti, kuna buti tu kubwa la kulala mtu. Mama mkwe akaniangalia mimi kana kwamba ndiye nliyevitoa nikaviuza. "Gari lote hili? Viti 5?" Akapanda Noah ya kukodi na hakuongea na mtu mpaka Kilifi. Kwa hivyo kama wataka ya familia uliza hesabu ya viti kabla ya kuuliza rangi. Hizo za viti 7 nyuma vyakunjika vikalala sakafuni, si kama 200 vilivyokuwa vyaning'inia kwenye ubavu na kula nafasi ya mizigo.

Na kuna jambo la pili ambalo jamaa wa yadi, simtaji, alimficha bosi au hakulijua, sijui lipi baya zaidi. Alisema "hii ni dizeli tu, weka dizeli uende". Siku moja dashibodi ikawasha ujumbe, wote wa Kijapani, na namba ya kilomita ambayo kila tukienda yapungua. Mimi nikajua ni sevisi. Mtoto wa bosi akatoa simu, akaielekezea kamera, ikamtafsiria: AdBlue imekaribia kwisha, baada ya kilomita hizo gari haitawaka. Hii dizeli ya Japani ina tanki la pili dogo la maji ya urea, ya kusafisha moshi, na ikiisha ukazima injini huwashi tena mpaka ujaze. Haina mchezo. Fikiria ikukute Tsavo upande wa Sala geti na wageni na simba. AdBlue Mombasa yapatikana kwa sababu malori mapya yaitumia, lakini kule ndani usitegemee, mimi sasa nina galoni yake nyuma kila safari. Na usikubali fundi akuwekee maji ya bomba, utaua mfumo mzima na spea zake si za pale Mwembe Tayari.

Hicho Kijapani chenyewe ni kero. Ramani ni ya Japani, sauti ya yule dada ni ya Kijapani, kila asubuhi anakusalimia na hujui amesema nini. Redio nayo: FM ya Japani yaishia 95, na Baraka FM iko 95.5, jionee mwenyewe ilivyokaribia. Ulizia kabla hujalipa redio yafika wapi, na kama kuna fundi wa kuibadilisha lugha, au ujitayarishe kuishi na simu yako na waya.

Kutu tuizungumze maana hapa ni pwani. Hii bado ni gari ya chasi, bodi imekaa juu ya fremu ya chuma, na ndiyo maana ina nguvu ya kuvuta tani 3.5. Chuma na hewa ya chumvi mnajua uhusiano wao. Zaidi ya hapo, gari yaweza kuwa imekuja tayari imeliwa, maana Japani sehemu za baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Ingieni chini na tochi, msiangalie rangi ya juu. Yetu ilikuwa safi, na tuliipiga andakoti kabla ya kuipeleka popote, na kila nikitoka Diani au Watamu naiosha chini kwa maji matamu kabla ya juu, hata kama bosi ana haraka.

Bei sitaisema kwa shilingi kwa sababu yabadilika na dola na nani wakuuzia. Ilipotoka, GR Sport ya dizeli huko Japani ilikuwa yen milioni 8, halafu watu wakawa wengi mpaka foleni ya kuingoja ikafika miaka 4 kwa maneno ya Toyota wenyewe, na mitumba ikawa ghali kuliko mpya. Ongeza meli, ongeza ushuru wetu, na dizeli ya injini iliyozidi cc 2500 ushuru wa bidhaa peke yake ni asilimia 35, VAT 16 bado iko nyuma. Hesabu ikishakamilika ni pesa ya nyumba Bamburi. Na sheria ya miaka 8 yasema hakuna kuleta kuukuu zaidi ya hapo, kwa hivyo anayengoja zizeeke zishuke bei, hazijashuka.

Bosi keshaniuliza kama auze zile za sabini tubaki na hizi. Nimemwambia asithubutu. Wageni wa picha wanataka kusimama, paa liko wazi, lenzi zao ndefu kama bomba wamezitegea chui juu ya mti, na Tsavo huruhusiwi kutoka njiani, kwa hivyo huwezi kumsogelea, wahitaji kimo na nafasi. Hii 300 ina vioo vizuri na viti vya ngozi, paa halifunguki hivyo. Hao nawapeleka na sabini, wale wa kutoka hoteli hadi Mwaluganje na kurudi kabla ya chakula cha usiku na marinda yao safi, hao ndio wa 300.